Hamburg kwa Miguu: Karafuu, Pembe za Ndovu na Sanamu Zisizo na Majina

Wadau, mimi na zile safari za kumfuata mtu aliyenyanyua mwavuli, huku watalii thelathini wanaburuzana nyuma yake kama vifaranga, hatupatani kabisa. Kwa hiyo nilipopata siku moja ya kukaa Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani, niliamua kuuzunguka mji wa zamani mwenyewe. Simu mkononi, pawabenki mfukoni, koti la mvua mwilini (jua la Hamburg usiliamini, linakukimbia ndani ya dakika kumi), viatu vya kutembelea, basi.

Nilichotaka ni picha za maghala ya matofali mekundu na mifereji ya maji, niposti, nilale. Picha nilipata. Ila njiani nikaanza kukutana na watu wa kwetu, wa pwani yetu hii hii, wengine wa shaba na wengine wamejificha kwenye historia ya majengo. Na kila nikitafuta kibao chenye jina la mmoja wao, sioni.

Basi hii ndiyo njia niliyopita. Ukiwa Hamburg fungua ramani kwenye simu uifuate. Kwa mwendo wa kawaida, na kusimama kupiga picha na kunywa kahawa, inachukua kama masaa matatu.

Anzia kituo cha treni cha Rödingsmarkt, laini ya U3. Ukishuka, dakika chache tu unaingia Deichstraße. Ni kamtaa kafupi, nyumba nyembamba ndefu zimesimama bega kwa bega, mbele barabara, nyuma mfereji unaoitwa Nikolaifleet. Usiishie mbele. Kuna vichochoro vinapita kati ya nyumba na kukutoa nyuma kwenye maji, na pale ndipo utaelewa mji huu ulivyokuwa unakula. Mashua inakuja mpaka ukutani, mzigo unavutwa juu kwa winchi iliyofungwa chini ya paa, unaingia ghalani. Chini kuna ofisi, katikati tajiri anaishi na familia yake, juu bidhaa. Nyumba, duka na stoo chini ya paa moja. Kama umekulia Mji Mkongwe wa Zanzibar au Mombasa hilo halikushangazi hata kidogo.

Mtaa huu huu ndiko ulikoanzia moto mkubwa wa Mei 1842. Uliwaka kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 8. Watu 51 wakafa, kama 20,000 wakabaki bila makazi, na karibu theluthi ya mji wa zamani ikateketea. Ndiyo maana Hamburg "ya zamani" ina vitu vichache sana vya zamani kweli. Nyumba za Deichstraße ni kati ya mabaki machache.

Sasa vuka barabara kubwa ya Willy-Brandt-Straße. Subiri taa, tafadhali. Wenyeji hawavuki kwenye nyekundu hata kama barabara haina hata baiskeli, na ukivuka wewe watakutazama mpaka ujione mwizi. Upande wa pili unakutana na mnara mweusi mrefu umesimama peke yake bila kanisa. Hiyo ni St. Nikolai. Kanisa la awali liliungua kwenye ule moto, likajengwa jipya kwa michoro ya Mwingereza, George Gilbert Scott. Mnara ulipokamilika 1874 ulikuwa na mita 147 na ndio uliokuwa jengo refu kuliko yote duniani, kwa miaka miwili hivi. Halafu Julai 1943 Waingereza na Wamarekani wakaushambulia mji huu kwa mabomu usiku na mchana kwa siku kadhaa. Marubani waliutumia mnara huo mrefu kujua wako wapi. Waliokufa wanakadiriwa kufikia 34,000 au zaidi, wengi wao raia waliokuwa wamejificha kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Mji mzima ulilala chini, mnara ukabaki umesimama. Leo ni mahali pa kumbukumbu, kuna makumbusho chini na lifti inayokupandisha hadi mita 76. Panda. Ukiwa juu utaiona njia yote iliyobaki.

Kuanzia hapo anza kutazama chini pia. Katika njia za miguu za Hamburg, kama miji mingine mingi ya Ujerumani, kuna vijiwe vidogo vya mraba vyenye kifuniko cha shaba ya njano, upana wake kama kiganja. Vinaitwa Stolpersteine, mawe ya kujikwaa. Ni mradi wa msanii Gunter Demnig ulioanza miaka ya 1990. Kila kijiwe kimewekwa mbele ya nyumba ambayo mtu aliishi kabla ya kuchukuliwa na utawala wa Hitler, na kimeandikwa: hapa aliishi fulani, kazaliwa mwaka fulani, kapelekwa kambi fulani, kauawa tarehe fulani. Hamburg peke yake ina maelfu. Ukiinama kusoma kimoja unajikuta umesoma cha pili na cha tatu, mume, mke na mtoto, halafu huna hamu tena ya kupiga selfi.

Nimekuonyesha vijiwe hivyo mapema kwa makusudi. Mji huu unajua kumtaja mtu. Ukiamua kumtaja, unamtaja mpaka tarehe. Liweke hilo kichwani tukiendelea.

Kutoka St. Nikolai elekea mashariki mpaka Große Reichenstraße, tafuta namba 27. Jengo lina ukuta wa matofali ya kung'aa, meupe, yenye mapambo ya rangi, na jina lake ni Afrikahaus. Mlangoni amesimama jamaa wa shaba, mpiganaji wa Kiafrika, umbo la mtu mzima kabisa. Lango lilikuwa wazi, nikaingia uani, na mwisho wa ua nikakuta tembo wawili wanalinda mlango wa nyuma. Kiukweli kwa dakika mbili nilifurahi. Unatoka kwenye baridi, unakutana na tembo!

Halafu nikasoma. Jengo hili lilijengwa 1899 kwa ajili ya kampuni ya Woermann, kampuni ya meli na biashara ya Afrika. Bosi wake, Adolph Woermann, alikuwa mbunge na alikuwa mstari wa mbele kumshawishi Bismarck achukue Cameroon mwaka 1884. Kuanzia 1904, Ujerumani ilipokuwa inawaangamiza Waherero na Wanama huko Namibia ya leo, meli za Woermann ndizo zilizosafirisha askari na farasi kwenda huko. Na upande wetu kulikuwa na shirika la Deutsche Ost-Afrika-Linie, lililoanzishwa hapa Hamburg mwaka 1890, Woermann akiwa ndani yake. Meli zake ndizo zilizokuwa zinaiunganisha Hamburg na Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar.

Nikarudi mlangoni kumtazama yule mpiganaji upya. Kabila gani? Wa Cameroon? Wa Togo? Haijulikani, wala haikuwa muhimu kwa aliyelipia. Mchongaji wake anajulikana, Walter Sintenis. Msanifu wa jengo anajulikana, Martin Haller. Mwenye nyumba ndiyo kabisa. Mwenye sura ile ndiye asiye na jina, na amesimama mlangoni kama mlinzi wa geti.

Hapa tutulie kidogo, maana watu wengi kwetu wanadhani Wajerumani walianza kuijua pwani yetu alipokuja Carl Peters na karatasi zake za mikataba mwaka 1884. Hapana. Wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa Unguja miaka mingi kabla. Kampuni ya O'Swald ilifungua tawi Zanzibar mwaka 1849, na Hansing ikafuata. Mwaka 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ilisaini mkataba wa biashara na Sultani wa Zanzibar, wakati huo hata nchi inayoitwa Ujerumani haijaungana.

Na walikuja kufuata nini? Simbi. Yaani zile kauri, konokono wa baharini ambao watoto wa pwani wanachezea bao. Afrika Magharibi simbi zilikuwa pesa kamili, unaingia sokoni nazo unatoka na chakula. Wajanja wa Hamburg wakaona: huku Afrika Mashariki zinaokotwa ufukweni, kule Lagos zinanunua mafuta ya mawese. Wakajaza meli. Wanaponda mali kwa kuokota pesa za wengine chini! Walizimwaga nyingi kiasi kwamba thamani yake kule ikaporomoka, na waliokuwa wameweka akiba yao kwa simbi wakabaki na chungu cha makombe. Kama umewahi kushika sarafu ya kidijitali ikayeyuka mkononi, unawaelewa watu hao.

Baada ya simbi ikawa pembe za ndovu, karafuu, ngozi, nazi. Pembe ziligeuka vitufe vya piano na mipira ya biliadi kwenye sebule za Ulaya. Pembe moja ilitoka Tabora au Ujiji, miezi njiani, begani mwa mtu, mpaka Bagamoyo. Karafuu za Unguja na Pemba zilichumwa na watumwa. Mkataba wa kufunga biashara ya watumwa ulisainiwa 1873, na utumwa wenyewe visiwani ukaondolewa kisheria 1897. Kwa hiyo kwa miaka mingi tajiri wa Hamburg angeweza kusema yeye hajawahi kununua mtumwa, na ikawa kweli, huku karafuu zake zote zimepita mikononi mwa watumwa. Mmoja wa familia ya O'Swald alikuja kuwa meya wa pili wa Hamburg.

Wapo wanaoijua Hamburg kwa jina moja tu: Sayyida Salme. Binti wa Sayyid Said, kazaliwa Unguja 1844, akapendana na jirani yake, mfanyabiashara wa Hamburg aitwaye Heinrich Ruete, akapata mimba, akatoroka kwa meli ya Kiingereza mwaka 1866. Wakafunga ndoa Aden, wakaja kuishi huku, naye akaitwa Emily Ruete. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, na bibie akabaki na watoto watatu wadogo kwenye nchi ya baridi, lugha si yake. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka 1886. Alifariki 1924, na amezikwa Hamburg kwenye makaburi ya Ohlsdorf, pembeni kwa mumewe. Kwenye vitu alivyoacha walikuta kifuko cha mchanga wa Zanzibar.

Ohlsdorf iko mbali na njia yetu, nenda siku nyingine. Ila sikia hii: mwaka 2019 uwanja mdogo mtaa wa Uhlenhorst ulipewa jina lake. Muda si mrefu watu wakakumbushana kwamba kwenye kile kitabu binti mfalme anautetea utumwa na kuwasema vibaya Waafrika weusi. Jina likaondolewa. Mimi nampenda Salme, nimelia naye, ila katika hilo sina cha kumtetea. Nyumba ya baba yake ilijaa watumwa, na yeye ameandika maisha yake yote, ya kwao hakuna aliyeyaandika.

Tuendelee kutembea, maana baridi haisubiri. Mashariki zaidi, karibu na kituo cha Meßberg, kuna Chilehaus. Jengo la ofisi la 1924, kazi ya Fritz Höger, matofali milioni 4.8, na kona yake ya mashariki imechongoka kama pua ya meli. Simama chini ya ile kona, inua simu juu, picha inajipiga yenyewe. Mwenye jengo, Henry Sloman, alitajirika kwa nitrati kutoka jangwa la Chile, ile ya kutengeneza mbolea na baruti. Nani aliichimba jangwani? Nilishaacha kuuliza maswali ya hivyo siku ile.

Sasa shuka kwenye maji. Mfereji mpana mbele yako ni Zollkanal, mfereji wa forodha. Ufuate kidogo kuelekea magharibi mpaka daraja la Kornhausbrücke. Mwanzoni mwa daraja wamesimama mabwana wawili, huku na huku. Mmoja Christopher Columbus. Mwingine, jamani, ni mtu wetu wa shule ya msingi: Vasco da Gama! Wamewekwa hapo 1903.

Nilicheka peke yangu. Mtu wa Malindi anayepita pale anahisi kama amekutana na mwalimu wa zamani asiyempenda. Da Gama alifika Malindi Aprili 1498 akiwa hajui njia ya kuvuka kwenda India. Mtawala wa Malindi akampa rubani, mtu anayezijua pepo na nyota, na mwezi uliofuata wakawa wamefika Calicut. Miaka minne baadaye Da Gama alirudi na meli za mizinga na kumlazimisha Sultani wa Kilwa atoe dhahabu. Ndiye anayesimamiwa sanamu. Na yule rubani? Kwa muda mrefu vitabu vilisema ni Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari kutoka Arabuni. Wanahistoria wengi siku hizi wanakataa. Yaani safari iliyobadilisha biashara ya dunia nzima, ambayo Hamburg imejengea hadi madaraja, na aliyeshika njia hatumjui.

Ukivuka daraja umeingia Speicherstadt, mji wa maghala, na hapa ndipo utakapotumia muda mwingi. Ni maghala ya matofali mekundu yaliyopangana kwa kama kilomita moja na nusu, yamesimama juu ya nguzo za mbao zilizopigiliwa kwenye tope, mbele barabara na nyuma mfereji. Ni ule mpango wa Deichstraße, ila umekuzwa mara mia. Mwaka 2015 UNESCO iliuweka mtaa huu, pamoja na eneo la Chilehaus, kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Stori yake fupi ni ushuru. Ujerumani iliungana 1871, lakini Hamburg ikagoma kuingia kwenye eneo moja la forodha, maana inaishi kwa mizigo ya nje. Mwishowe ikakubali kwa sharti: iachiwe bandari huru, sehemu ambayo mzigo unaweza kushuka, kukaa, kuchambuliwa na kuondoka bila kulipiwa ushuru. Wakaanza kubomoa na kujenga 1883, na tarehe 29 Oktoba 1888 Kaisari Wilhelm II akaja kuweka jiwe la mwisho. Kahawa, chai, kakao, viungo, tumbaku, mazulia, vyote vikawa vinalala humo.

Tatizo ni kwamba pale palikuwa na watu. Mitaa ya Kehrwieder na Wandrahm ilikuwa na matajiri kidogo na mafukara wengi, wabeba mizigo wa bandarini na familia zao. Kama watu 20,000 wakaondolewa. Matajiri walijua pa kwenda. Wabeba mizigo wakasukumwa pembezoni mwa mji, wakawa wanatembea masaa kuja kubeba mizigo pale pale palipokuwa vyumba vyao. Mtu wa Dar aliyewahi kuwekewa alama ya X nyekundu ukutani hahitaji kuelezwa zaidi.

Kazi ndani ya maghala ilishikwa na mafundi wa kupokea, kuonja, kupima na kutunza mzigo, wakiitwa Quartiersleute. Walifanya kazi kwa vikundi vya watu wachache, na kampuni zao zilibeba jina la mmoja wao, halafu likafuatwa na neno "Consorten", yaani na wenzake. Mmoja anaandikwa ukutani, wengine ni wenzake. Nililipenda neno hilo mpaka likaanza kuniuma. Hata kwa Wajerumani wenyewe, aliyebeba gunia alikuwa "na wenzake".

Nenda hadi daraja la Poggenmühlenbrücke, utaona ile nyumba maarufu, Wasserschloss, imesimama katikati ya mifereji miwili kama keki. Foleni ya wapiga picha ipo, subiri zamu yako, jioni taa zikiwashwa ndiyo noma zaidi. Halafu rudi magharibi upite barabara ya Am Sandtorkai. Kuna makumbusho madogo ya viungo, yanaitwa Spicy's, ndani ya ghala halisi, sakafu ya mbao inalia ukikanyaga. Pale ndani harufu ya karafuu ilinipiga nikiwa sijajiandaa. Ghafla niko Pemba, mikeka imeanikwa barabarani, dereva wa daladala anakwepa asikanyage. Nilisimama pale muda mrefu kuliko inavyopaswa, mpaka mama mmoja akaniuliza kama niko sawa.

Maghala mengi yaliharibiwa kwa mabomu wakati wa vita na kujengwa tena. Makontena yakaja, magunia yakapungua, mwaka 2003 mtaa ukatolewa kwenye eneo la bandari huru. Leo humo kuna ofisi, mikahawa na Miniatur Wunderland, dunia ya treni ndogo ambayo watu wazima wanapanga foleni kama watoto. Mbele kidogo Elbphilharmonie, ukumbi wa muziki wa kioo uliofunguliwa 2017, umekalia juu ya ghala la zamani lililokuwa la kakao. Pandeni wenyewe, mimi miguu iligoma.

Kituo cha mwisho ni karibu na treni ya Baumwall, kwenye gati la Überseebrücke. Leo hakuna kitu pale zaidi ya upepo na meli. Lakini mwaka 2004 hadi 2005 palisimama sanamu moja yenye safari ndefu kuliko yangu, na mtu wa Dar anapaswa kuijua.

Unaijua Sanamu ya Askari pale Posta? Ile imewekwa na Waingereza 1927. Kabla yake, pale pale, Wajerumani walikuwa wamesimamisha mwaka 1909 sanamu ya Hermann von Wissmann, kamanda aliyezima vita vya Abushiri. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Wissmann alisimama juu kabisa, na chini miguuni pake palikuwa na askari mweusi anamtazama juu, na simba. Waingereza walipoichukua Dar kwenye Vita vya Kwanza, wakaing'oa na kuipeleka London kama nyara. Baadaye ikarudishwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg, mbele ya chuo kikuu, jengo lililokuwa la Taasisi ya Kikoloni, ambako maofisa wa kwenda Afrika walifundishwa, pamoja na mengine, Kiswahili. Mwaka 1967 na 1968 wanafunzi wakafunga kamba, wakavuta, bwana mkubwa akaanguka. Tangu hapo akawekwa stoo. Msanii mmoja ndiye aliyemtoa ule mwaka 2004, akamsimamisha hapa gatini kwa miezi 14, na kuwaacha watu wabishane mtandaoni afanywe nini.

Kila anayesimulia kisa hicho anasimulia Wissmann alivyoanguka. Mimi nilibaki nawaza yule askari wa chini. Kasafiri Dar, London, Hamburg, kaangushwa na bosi wake, kalala stoo na bosi wake. Hajawahi kuwa na jina hata siku moja.

Wengine wako kitongoji cha Jenfeld, mashariki mwa mji: kuta mbili za sanamu za udongo wa kuchoma za mwishoni mwa miaka ya 1930, zilizowekwa kwenye kambi ya jeshi iliyopewa jina la Lettow-Vorbeck, jenerali wa vita vya 1914 hadi 1918 kwetu, aliyefia hapa hapa Hamburg mwaka 1964. Ukuta mmoja ofisa Mjerumani anaongoza askari wanne, mwingine ni wapagazi. Siku hizi sehemu hiyo inaitwa Tansania-Park. Sikwenda, giza lilishaingia. Ila wapagazi wale nawajua kwa njia nyingine. Bibi yangu alikuwa akisema kaka wa babu yake alikamatwa njiani akitoka shamba, akabebeshwa mzigo "vita vya Mjerumani", na hiyo ndiyo mara ya mwisho kuonekana. Pande zote mbili za vita ile zilibebesha watu. Kariakoo yetu, na Kariokor ya Nairobi, zimepata majina yao kwenye kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Kikosi kina jina mpaka leo, na soko, na kituo cha daladala.

Mmoja tu nimempata mwenye kijiwe chake, na kiko Berlin: Bayume Mohamed Husen, kazaliwa Dar es Salaam 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake askari, na yeye mwenyewe akaingizwa vitani akiwa mtoto. Alifika Ujerumani 1929 na kudai mshahara wao wa vita ambao haukulipwa. Akakataliwa. Akabaki, akafundisha Kiswahili chuoni, akaigiza kwenye filamu, akafia kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Kijiwe cha shaba ya njano, jina, mwaka, mahali. Kama wale wengine wote.

Kutoka Baumwall treni ya U3 inakurudisha ulikoanzia kwa kituo kimoja tu. Nilipanda nimelowa, chaji asilimia nne, nikampigia mama kumuuliza jina la yule kaka wa babu yake bibi. Analijua. Kaniambia na jina la mama yake mzazi.

Kama na kwenu kuna aliyekuwa askari au mpagazi wa Mjerumani au wa Mwingereza, muulize mkubwa wa nyumbani leo, kabla hajasahau, halafu uandike jina hapo chini. Jina kamili, na kijiji kama unakijua.